Si Kila Weusi Ni Usaha: Vizuia Damu Katika Picha za Ubongo Baada ya Upasuaji

Mama alifika na bahasha kubwa ya kahawia, zile zinazotiwa picha za CT, yaani za mashine ya mionzi inayoonyesha ndani ya mwili kipande kwa kipande, akaiweka juu ya meza yangu huku bado ameishika. Mwanawe, dereva wa boda boda, alikuwa amegongwa na gari siku 9 kabla ya hapo, akapasuliwa kichwa usiku uleule ili kuondoa bonge la damu lililokuwa limekaa kati ya fuvu na utando mgumu unaoufunika ubongo. Kijana alikuwa akiendelea vizuri, ila kichwa kilikuwa kinamuuma jioni. Kwa maumivu hayo alipigwa picha ya pili katika kituo kingine, na ripoti ikarudi na sentensi moja iliyoinyima usingizi familia nzima: kuna hewa mahali palipopasuliwa, yumkini ni jipu. "Musawo," yaani daktari, aliniuliza kwa Kiswahili cha Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, "wanasema kuna usaha kichwani. Tuuze shamba apasuliwe tena?"

Niliitoa filamu nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Chini kidogo ya ukingo wa mfupa uliokatwa palikuwa na vijipovu vyeusi vidogo, vimesongamana kama punje za mtama, vimejipanga mstari mmoja uliofuata mkato wa mfupa. Nilikuwa na dhana yangu, lakini kwa filamu ile peke yake sikuwa na haki ya kumjibu mama huyo ndiyo wala hapana.

Swali lake ndilo limenifanya niandike. Daktari anapomaliza kupasua ubongo, mara nyingi huacha ndani vitu alivyovitumia kuzuia damu. Vitu hivyo huonekana kwenye picha, na baadhi yake hufanana mno na jipu, na damu mpya, au na uvimbe uliorudi. Anayesoma picha bila kujua kilichoachwa hana budi kukisia. Nimeona makisio hayo yakikosewa mara kadhaa, na kila mara kosa limeanzia katika mojawapo ya mambo mawili: karatasi ya upasuaji ambayo haikusafiri na mgonjwa, au filamu iliyochapishwa kwa namna inayozificha tofauti.

Mtu aliyezoea kuona jeraha la mkono likifungwa kwa uzi na bendeji anaweza kujiuliza kwa nini kitu kiachwe ndani hata kidogo. Mkononi damu huzuiwa kwa kuubana mshipa na kuufunga. Ubongo ni laini kama uji uliopoa, mishipa yake midogo ni myembamba kuliko uzi wa kushonea, na hauwezi kukandamizwa kwa nguvu bila kuumia. Tena umefungiwa ndani ya fuvu, sanduku lisilotanuka, kiasi kwamba damu ya vijiko vichache tu ikikusanyika baada ya kushona inaweza kuusukuma ubongo na kumuua mgonjwa usiku. Kwa hiyo daktari hawezi kufunga kichwa mpaka damu iwe imekatika kabisa. Mishipa inayoonekana huichoma kwa umeme, njia iliyoingia katika upasuaji wa ubongo mwaka 1926 Harvey Cushing alipoanza kuutumia mtambo wa William Bovie kule Boston. Lakini mfupa unaovuja kupitia matundu yake, au vena zinazochuruzika polepole kutoka sehemu isiyoonekana, haviwezi kuchomwa kimoja kimoja. Hapo ndipo vizuia damu vinapoingia.

Cha zamani kati ya vinavyotumika hadi leo ni nta. Mwaka 1892 daktari Mwingereza Victor Horsley alieleza jinsi ya kuziba matundu ya mfupa kwa nta ya nyuki iliyolainishwa kwa mafuta, na nta ya mfupa tunayoiona leo katika vyumba vya upasuaji vya hospitali za Uganda kama Mulago au Mbarara bado msingi wake ni hiyohiyo ya nyuki. Miaka ya 1940 ikaleta vitu viwili vilivyobadilisha kazi: kitambaa cha selulosi iliyooksidishwa, ambacho wengi hukijua kwa jina la Surgicel, na sponji ya jelatini, inayojulikana kwa majina kama Gelfoam na Spongostan. Baadaye zikaja unga wa kolajeni, gundi ya fibrini, na uji wa jelatini uliochanganywa na thrombini, kimeng'enya kinachogandisha damu, kama Floseal, unaosukumwa kwa bomba la sindano mpaka ndani ya pango lililoachwa na uvimbe.

Kila kimoja kina tabia yake, na tabia hiyo ndiyo inayoamua sura yake kwenye picha. Selulosi ni kitambaa kilichofumwa, chenye nafasi kati ya nyuzi zake. Kikigusana na damu hugeuka cheusi na kuwa kama utelezi. Sponji ya jelatini imejaa vishimo vya hewa kama mkate uliochachuka, nayo huweza kunywa majimaji mara nyingi zaidi ya uzito wake. Vyote viwili hufyonzwa na mwili: selulosi kwa kawaida huchukua wiki moja hadi mbili, au zaidi ikiwekwa nyingi, na jelatini wiki 4 hadi 6. Nta haifyonzwi. Itakayobandikwa kwenye mfupa leo itaonekana hapo miaka mingi baadaye.

Ili kuelewa jinsi vitu hivi vinavyoonekana kwenye CT, lazima tuelewe kwanza kwamba mashine ile haipigi picha kama kamera. Hupima ni kiasi gani cha mionzi kimezuiwa na kila sehemu ya kichwa, kisha huipa sehemu hiyo namba. Kipimo hicho kinaitwa kwa jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza ambaye mashine yake ilimpiga mgonjwa wa kwanza picha ya ubongo London mwaka 1971, na ambaye mwaka 1979 aligawana Tuzo ya Nobel na Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Afrika Kusini. Maji yamepewa 0. Hewa ni hasi 1000. Mafuta huwa karibu na hasi 100. Ubongo wenyewe uko kati ya 20 na 45 hivi, damu iliyoganda karibuni hufika 50 hadi 80, na mfupa mgumu hupita mamia mengi hata kuzidi 1000.

Jicho la binadamu haliwezi kutofautisha rangi za kijivu elfu mbili kwa mara moja, kwa hiyo fundi wa picha huchagua sehemu ndogo ya namba hizo na kuionyesha. Sehemu hiyo tunaiita dirisha. Kwa ubongo, dirisha linalotumika sana huanzia 0 na kuishia 80. Chochote kilicho chini ya 0 huwa cheusi tii, na chochote kilichozidi 80 huwa cheupe pe. Sasa fikiria matokeo yake. Hewa ya hasi 1000 na nta ya hasi 100 zitatoka nyeusi sawasawa. Klipu ya chuma, uzi wenye bariamu (madini yanayozuia mionzi) na kipande cha mfupa vyote vitatoka vyeupe sawasawa. Tofauti iko ndani ya kompyuta, kubwa kabisa, lakini ikishachapishwa kwenye filamu imepotea, wala hakuna mwanga wa balbu utakaoirudisha.

Kwetu hili ni jambo zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu mgonjwa wa Uganda hutembea na picha zake. Hupasuliwa Kampala, akarudi kwao Arua au Soroti, akapigwa picha ya pili huko, na kinachofika kwa daktari ni filamu kubwa moja yenye picha ndogo ishirini au zaidi, zote za dirisha moja. Ninapomwomba mtu arudi kuleta CD, huwa simsumbui bure. Kwenye CD nafungua dirisha pana, naweka mshale juu ya weusi ule, na namba inajitokeza: kama ni hasi 90, hiyo si hewa, na mazungumzo ya usaha yanaishia hapo kwa upande wa doa hilo.

Nta ndiyo rahisi kuitambua ukishajua kuitafuta. Hukaa pembeni mwa mfupa uliokatwa, hasa karibu na sikio ambako mfupa una vyumba vingi vya hewa, na huwa na umbo la kitu kilichopakwa kwa kidole. Haibadiliki. Kwenye MRI, mashine ya sumaku nitakayoieleza mbele, ni nyeusi katika karibu kila aina ya picha, kama ulivyo mfupa mgumu wenyewe, na wakati mwingine haionekani kabisa kwa kuwa imejificha kando yake.

Selulosi na jelatini ndizo zinazoleta matatizo. Zinapowekwa zikiwa kavu, hewa hunaswa kati ya nyuzi na ndani ya vishimo, na katika picha ya siku za kwanza huonekana kama shada la mapovu. Jipu lililoletwa na vijidudu vinavyotoa gesi nalo huwa na mapovu. Kwa hiyo msomaji lazima aangalie mapovu yamekaaje. Hewa iliyonaswa ndani ya kitambaa imefungwa, haina uhuru. Mapovu yake ni madogo, yamebanana, mara nyingi yamejipanga kwa mstari au tabaka kama kitambaa kilivyolazwa, na mgonjwa akipigwa picha nyingine siku mbili baadaye yatakuwa palepale au yamepungua. Hewa iliyo ndani ya usaha hupanda juu. Mgonjwa akilala chali hujikusanya upande wa mbele, na chini yake majimaji hujipanga sawasawa kama maji ndani ya chupa iliyolazwa. Mstari huo mnyoofu kati ya hewa na majimaji, pamoja na hewa inayoongezeka au inayorudi baada ya kuwa imekwisha, ndiyo dalili inayopaswa kumwamsha msomaji. Isisahaulike pia kwamba hewa ya kawaida iliyoingia fuvu lilipofunguliwa huweza kubaki wiki mbili hata tatu, na katika siku za mwanzo nayo huelea juu ya majimaji, kwa hiyo tarehe ya upasuaji ni sehemu ya usomaji wa picha.

Ziko hatari mbili hapa, na nisingependa ya pili ifunikwe na ya kwanza. Ya kwanza ni kuita kitambaa jipu na kumfungua mgonjwa kichwa mara ya pili bila sababu. Ya pili ni kuita jipu kitambaa. Kitu kigeni chenye damu ndani yake ni makao mazuri ya vijidudu, kwa hiyo kujua kwamba Surgicel iliachwa hakumaanishi kwamba hakuna usaha. Mgonjwa mwenye homa, jeraha linalotoa maji, shingo iliyokakamaa au usingizi usio wa kawaida anahitaji kuangaliwa na daktari wa upasuaji siku hiyohiyo, hata kama mapovu yamejipanga vizuri namna gani.

Kitambaa kilicholowa damu nacho kina udanganyifu wake. Hewa ikishatoka na damu ikaingia, namba yake hupanda, na doa lililokuwa jeusi linakuwa jeupe kama damu mpya. Mtu anaweza kuandika kwamba bonge halikuondolewa lote, au kwamba mgonjwa anavuja tena, kumbe ni kitambaa kilichofanya kazi yake. Hapa kinachosaidia ni kuangalia kama ubongo unasukumwa. Kitambaa chembamba kilichofuata ukuta wa pango hakihamishi kitu. Damu inayoongezeka husukuma mstari wa katikati ya ubongo na kufinya vyumba vya majimaji. Niongeze jambo linalotuhusu sana sisi tunaoishi na malaria na seli mundu: weupe wa damu kwenye CT hutokana na himoglobini, protini inayoipa damu wekundu wake. Kwa mgonjwa aliyepungukiwa damu sana, damu mpya inaweza kuonekana ya kijivu kama ubongo wenyewe, ikapita bila kuonekana, huku kitambaa cha jirani kiking'aa. Ripoti iliyoandikwa bila kujua kiwango cha himoglobini ina pengo.

Sponji na selulosi pia huvimba zikinywa majimaji. Ndiyo maana watengenezaji huonya zisiachwe katika matundu membamba ya mfupa au karibu na mshipa wa fahamu wa jicho na uti wa mgongo. Daktari mwangalifu huweka, husubiri damu ikatike, kisha huosha na kuondoa kilichozidi. Kinachobaki kinapaswa kuwa kidogo, na mgonjwa anayeanza kupoteza uoni au nguvu za mguu baada ya upasuaji, huku picha ikionyesha kitu laini kilichojaa mahali pembamba, asisubirishwe.

MRI husaidia, lakini si kwa urahisi ambao watu hudhani. Mashine hii haitumii mionzi; hutumia sumaku na mawimbi ya redio, na inachokiona zaidi ni hali ya maji na ya damu. Selulosi katika siku za mwanzo mara nyingi huwa nyeusi katika zile picha ambazo majimaji hung'aa, nazo huitwa T2, na hilo huitenga na jipu ambalo kiini chake kwa kawaida hung'aa humo. Usaha ni mzito, maji yake hayatembei kwa uhuru, kwa hiyo katika picha zinazopima mwendo wa maji kiini cha jipu huwaka. Tungesema basi suala limekwisha, lakini damu inayozeeka nayo inaweza kuwaka vilevile, na karibu kila mahali palipopasuliwa pana damu. Isitoshe, damu hubadili rangi kwenye MRI kadiri siku zinavyopita: kuanzia siku ya tatu hivi huanza kung'aa katika picha za T1, aina nyingine ya picha za MRI, hata bila dawa yoyote. Asiyelinganisha picha ya kabla ya dawa na ya baada ya dawa ataiona damu hiyo akadhani ni uvimbe.

Dawa ninayoitaja ni gadoliniamu, inayochomwa kwenye mshipa ili sehemu zilizopoteza kinga kati ya damu na ubongo zing'ae. Uvimbe hung'aa. Lakini kidonda kinachopona nacho hung'aa, kwa kuwa mwili unaotengeneza kovu hutengeneza mishipa mipya. Mng'ao huo wa kupona huwa haujawa na nguvu katika siku tatu za mwanzo, ndiyo sababu wapasuaji wa uvimbe hutaka MRI ndani ya saa 24 hadi 72. Kinachong'aa kwa unene katika muda huo, na ambacho hakikuwa kinang'aa kabla ya dawa, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni uvimbe uliobaki. Ikishapita wiki, mstari mwembamba unaozunguka pango hauna maana hiyo tena, na kikiwapo kizuia damu ndani yake, mstari unaweza kuwa mnene na kufanana na pete ya jipu. Nawaelewa wenzangu wanaosema MRI ndani ya siku tatu ni ndoto kwa mgonjwa aliyeuza mbuzi ili apasuliwe. Basi angalau CT ya siku ya kwanza ihifadhiwe, maana ndiyo itakayolinganishwa na zote zitakazofuata.

Mara chache mwili hukataa kilichoachwa. Huzungushia kitu hicho chembe za kinga na kovu, na miezi au hata miaka baadaye pete inayong'aa hutokea palepale uvimbe wa zamani ulipokuwa. Picha hushindwa kutofautisha pete hiyo na uvimbe uliorudi, na mara nyingi ni kipande kilichopelekwa kwa mtaalamu wa patholojia kinachotoa jibu, pale nyuzi zinapoonekana chini ya hadubini. Vitu visivyofyonzwa, hasa pamba, ndivyo huleta hali hii zaidi. Pedi ndogo za pamba zinazotumika wakati wa upasuaji hazikusudiwi kubaki. Huwa na uzi wenye bariamu na huhesabiwa kabla ya kushona. Kwenye CT uzi huo ni mstari mweupe usiofanana na kitu chochote cha mwilini. Kwenye MRI bariamu hiyo haijitokezi, kwa hiyo hesabu ikigoma chumbani, inayotakiwa ni eksirei au CT.

Rudi sasa kwa mama wa Busia. Fomu ambayo kijana alipewa aliporuhusiwa kutoka hospitali ilisema tu kwamba bonge la damu liliondolewa na mgonjwa ana nafuu. Nilimpigia simu daktari aliyempasua kijana, naye akafungua daftari lake: vipande viwili vya Surgicel, vimelazwa chini ya ukingo wa nyuma wa mfupa, vimeachwa. Mkwe wa mama akaleta CD ya picha ya siku ya kwanza. Mapovu yalikuwamo, mahali palepale, mengi zaidi. Siku hiyohiyo daktari alimkagua kijana: hakuwa na homa, jeraha lilikuwa kavu, na vipimo vya damu havikuonyesha maambukizi. Walikubaliana asubiri, arudi mara moja homa ikipanda. Picha ya wiki tatu baadaye haikuwa na povu hata moja.

Maneno yale ya kwenye daftari la daktari hayafiki ishirini, na hayahitaji mashine ili yaandikwe: jina la kitu, idadi ya vipande, mahali vilipo, na kama vimeachwa. Mama aliponiuliza kama shamba limepona, alitoa kwenye mkoba wake lile daftari la shule ambalo wagonjwa wetu huandikiwa humo matibabu, lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, akanifungulia ukurasa mtupu na kuniambia, "Andika hapo hilo jina, musawo, na hapo walipoliweka." Nikaandika kwa herufi kubwa, pamoja na tarehe.